Lori la nitro linatambaa lenyewe lakini halivuti: kabla ya kununua klachi, kagua beringi za kengele

«Assalaam alaykum fundi. Mwezi Desemba shemeji yangu alitoka Italia akamletea mwanangu wa miaka 14 lori la rimoti la injini ya nitro, saizi ya moja kwa kumi, injini ya cc 2.5. Mwanzoni lilikwenda vizuri sana, kila jioni tukilipeleka ufukweni Silversands hapa Malindi. Sasa likiwashwa tu magurudumu yanazunguka bila kugusa triga ya rimoti, na ukiliweka chini linatambaa mpaka ulishike. Lakini ukivuta triga, injini inalia kwa nguvu na lori linajikokota mchangani, tena kuna harufu ya kuungua. Baada ya dakika kama kumi linazima. Fundi wa bodaboda hapa mtaani anasema klachi imekauka, nitie oili. Kijana mwingine anasema ninunue springi ngumu. Wa tatu anasema nichezee skrubu za kabureta. Naweza kuagiza klachi nzima, lakini ni wiki kadhaa na pesa si kidogo. Nianzie wapi? Mtoto ananiuliza kila akirudi shule.»

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Umeeleza tatizo vizuri, maana umetaja mambo mawili ambayo kwa haraka yanapingana: klachi inashika wakati haitakiwi kushika, na inateleza wakati inatakiwa kushika. Mtu akisikia la kwanza peke yake atasema springi zimelegea. Akisikia la pili peke yake atasema viatu vya klachi vimekwisha. Mimi nikiyaweka yote mawili pamoja, nikaongeza mchanga wa Silversands na ile harufu, nashuku kitu kidogo kuliko vyote ulivyotajiwa: beringi mbili zilizo ndani ya kengele ya klachi. Nakuomba usitie oili na usiagize chochote kabla ya kufanya vipimo nitakavyokueleza. Cha kwanza hakihitaji hata bisibisi.

Tuanze na namna klachi hii inavyofanya kazi, kwa sababu ukishaielewa utaweza kuamua mwenyewe ushauri upi ufuate.

Lori lako, la injini ndogo inayotumia mafuta ya nitro badala ya petroli, halina pedali ya klachi wala waya. Kwenye ncha ya kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, kuna flaiwili, kipande kizito cha mviringo kinachozunguka muda wote injini ikiwa hai. Flaiwili ina vipini viwili au vitatu, na kila kipini kimebeba kiatu kidogo cha alumini au cha plastiki ngumu. Springi nyembamba inakivuta kiatu kibaki karibu na katikati. Vyote hivyo vimefunikwa na kengele, ambayo ni kikombe cha chuma chenye gia ndogo mgongoni. Gia hiyo inasukuma gia kubwa, na gia kubwa ndiyo inayopeleka nguvu magurudumuni. Sasa zingatia hili: kengele haijafungwa kwenye kranki. Imekalia beringi mbili, ili kranki izunguke ndani yake huku kengele yenyewe imetulia tuli.

Bila shaka umewaona watoto wakifukuza ndege shambani kwa kombeo. Ukilizungusha jiwe polepole, kamba inalegea mkononi. Ukilizungusha kwa kasi, jiwe linavuta likitaka kwenda zake. Kiatu cha klachi ni lile jiwe, na springi ndiyo mkono unaolizuia. Injini ikiwa kwenye aidilingi, yaani inanguruma tu bila kuvutwa triga, springi inashinda na viatu haviigusi kengele. Ukivuta triga, viatu vinashinda springi, vinafunguka, vinabana ukuta wa ndani wa kengele na lori linaondoka. Na nguvu hiyo haikui sawasawa na kasi. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu ya kutupa nje inakuwa mara nne. Ndiyo maana aidilingi ikipanda kidogo tu, lori linaanza kutambaa.

Hapo ndipo ushauri wa jirani yako wa bodaboda unapokosea, ingawa kwa kazi yake yuko sahihi kabisa. Klachi ya pikipiki kama Boxer ni sahani nyingi zinazoishi ndani ya oili ya injini, na zimetengenezwa kwa hiyo oili. Klachi ya lori lako ni kavu. Tone moja la oili kwenye viatu linatosha kuifanya iteleze, na viatu vya plastiki vikishainywa ni vigumu kuitoa. Kama tayari umetia, usihuzunike, lakini uniamini nikikwambia kwamba viatu hivyo huenda vikahitaji kubadilishwa. Mtu anayeijua klachi ya aina hii ni yule anayetengeneza misumeno ya injini na mashine za kukatia nyasi zinazobebwa begani. Mle ndani mna klachi ileile, kubwa zaidi tu. Mkumbuke, nitamrudia.

Sasa kwa nini nashuku beringi? Mchanga wa Malindi si mchanga peke yake. Una chumvi, na una lile tope laini ambalo mto Sabaki unalimwaga baharini na mawimbi yanalirudisha pwani. Vumbi la namna hiyo linapita pembeni mwa kifuniko cha beringi ndogo kama mchezo. Likishaingia, grisi inageuka kuwa msasa. Beringi inaanza kuwa nzito, na kwa kuwa ndiyo kiungo pekee kati ya kranki inayozunguka na kengele inayotakiwa kutulia, inaanza kuiburuta kengele pamoja nayo. Viatu havijagusa kitu, lakini magurudumu yanazunguka. Huko ndiko kutambaa kwako.

Kisha joto linapanda. Grisi iliyobaki inayeyuka, inatoka, na kwa kasi ile inarushwa moja kwa moja kwenye viatu. Wakati huohuo beringi imeshalegea ndani, kengele inayumba, na viatu vinaigusa upande mmoja tu. Ukivuta triga, vinateleza badala ya kubana. Kuteleza kunaleta joto jingine, joto linamaliza beringi, na grisi inayoungua ndiyo inayokuletea harufu. Injini nayo inalia bila kupata hewa ya kuipoza, kwa kuwa lori haliendi, na baada ya dakika kumi inakata. Beringi moja mbovu inaweza kuzaa malalamiko yako yote. Nasema hivi kwa uchungu kidogo, maana niliwahi kumbadilishia kijana mmoja viatu mara mbili, kwa pesa yake, kabla sijaitoa kengele na kuizungusha kwa kidole.

Kipimo cha kwanza kifanye leo. Injini iwe imezimwa na imepoa. Washa rimoti na lori ili breki isikamate, kisha lisukume taratibu sakafuni huku ukitazama flaiwili. Lori linatakiwa kwenda laini, na flaiwili ibaki pale pale. Flaiwili ikizunguka, au ukihisi pistoni ikikupinga kila baada ya hatua fulani, basi kengele imeshikana na kranki. Ama beringi imekwama, ama kiatu kimenasa. Likienda laini bado usiseme beringi ni nzima, kwa sababu beringi iliyoanza tu kuwa nzito haina nguvu ya kuishinda pistoni. Itajificha hapa na kujitokeza injini ikiwaka.

Kipimo cha pili ni aidilingi, na hapa kuna jambo moja linalowasumbua watu bure. Lori likiwa limeinuliwa hewani, magurudumu kuzunguka polepole si lazima iwe kasoro. Hata beringi nzima ina msuguano kidogo, na gurudumu lisilobeba kitu linahitaji nguvu ndogo mno. Hukumu ifanyike chini, kwenye sakafu tambarare. Lako linatambaa hata chini, kwa hiyo tatizo lipo, lakini usilipime tena hewani.

Kabla ya kugusa kabureta, toa kichujio cha hewa uchungulie mdomo wake huku rimoti ikiwa imewashwa na triga imeachwa. Mlango wa kabureta unatakiwa ubaki wazi kiasi cha milimita moja au pungufu. Ukiwa wazi zaidi, tazama kwanza kile kitufe cha rekebisho dogo kwenye rimoti. Mtoto akikigusa bila kujua, sevo, yaani kile kijimota kinachofungua kabureta kwa amri ya rimoti, inaushikilia mlango wazi, na hapo hata ubane skrubu siku nzima hutapata kitu. Tazama pia kama kuna chembe za mchanga kwenye vyuma vinavyounganisha sevo na kabureta. Rudisha kichujio kabla ya kuwasha, hata kama ni kwa dakika moja tu. Silinda ya injini hizi haina ringi, inategemea pistoni na silinda kubanana zenyewe, na mchanga kidogo unaimaliza.

Injini ikiwaka na ikapata moto, bana mpira wa mafuta kwa vidole karibu na kabureta ukisikiliza. Mchanganyiko wa aidilingi ukiwa sawa, sauti inapanda kidogo kisha injini inazima baada ya sekunde mbili hadi nne. Ikizima papo hapo bila kupanda, inapata mafuta machache mno. Injini yenye njaa ya mafuta ina tabia mbaya: ukiachia triga inachelewa kushuka, inabaki juu kwa sekunde kadhaa, na lori linaendelea kwenda kama lililoponyoka. Ikiwa ndivyo, fungua kidogo skrubu ya mafuta ya mwendo wa chini, moja ya nane ya mzunguko kwa mara moja, usikilize tena. Kwa hiyo yule wa tatu aliyekutajia kabureta hakukosea, ila kabureta inaeleza kutambaa tu. Kuteleza haikuelezi.

Kipimo cha tatu ndicho chenye jibu. Mwaga mafuta yote tangini, toa plagi, acha lori lipoe kabisa. Fungua skrubu nne zinazoishika injini kwenye fremu uinue injini nzima. Izungushe kengele kwa kidole. Nzima inateleza kimya na kuendelea kidogo baada ya kuiachia. Mbovu inakwaruza, inasita, au inapiga kelele kama punje za mchanga kwenye meno. Kisha ishike ukiitingisha kushoto na kulia. Mchezo wa kwenda mbele na nyuma uwepo kidogo, kama robo ya milimita, kwa sababu chuma kikipata moto kinatanuka. Ila kuyumba kichwa hakutakiwi. Ukikuta kengele imebanwa haina mchezo hata kidogo, huenda ugonjwa ndio huo tu: mtu aliweka washa (kile kipete chembamba cha chuma) moja zaidi.

Ukiitoa kengele, piga picha kwa simu kila unapofungua kitu, na panga vitu kwa mfuatano juu ya kitambaa cheupe. Zile washa nyembamba zinarushwa na springi hadi chini ya kabati na hutaziona tena. Zingatia hasa viatu vinaelekea upande gani. Vikigeuzwa, klachi inashika kwa tabia nyingine kabisa, na utadhani vipuri vipya ni vibovu.

Soma alama. Ukuta wa ndani wa kengele ukiwa na rangi ya buluu, umepata moto mkali. Viatu vinavyong'aa kama kioo vimeteleza muda mrefu. Vikiwa na unyevu au ukoko mweusi, grisi au mafuta yamefika. Kiatu kimoja chembamba kuliko mwenzake kinaonyesha kengele ilikuwa inayumba. Springi iliyokatika utaiona kwa macho, na hiyo peke yake ingetosha kufanya lori litambae.

Kuhusu tiba, nitakupa maoni yangu bila kuficha. Usianze na klachi nzima. Nunua beringi. Hizi ni za vipimo vya kawaida vya kiwanda, hazina uhusiano na jina la lori lako. Malori mengi ya saizi yako hutumia ya shimo milimita 5, upana wa nje 10 au 11, unene 4, lakini pima yako au usome namba iliyochorwa ubavuni. MR105 yenye vifuniko, kwa mfano, ni 5 kwa 10 kwa 4. Kwa namba hiyo unaweza kuuliza maduka ya beringi Mombasa kabla ya kuagiza ng'ambo. Chukua zenye kifuniko pande zote mbili, na chukua jozi nne badala ya moja. Kwa mtu anayeishi pwani, beringi za kengele ni kama matairi, zinakwisha, na si aibu kwamba zinakwisha.

Viatu vya alumini vilivyopata mafuta vioshe kwa spiriti, vikauke, kisha visugue kidogo juu ya msasa laini uliolazwa mezani mpaka mng'ao uondoke. Fanya vivyo hivyo ndani ya kengele. Vya plastiki vilivyokunywa mafuta sivisafishi tena siku hizi. Vinaonekana vikavu, ukivipasha moto mafuta yanatoka upya. Hivyo badilisha, na ukibadilisha kimoja badilisha vyote pamoja na springi zake.

Klachi nzima ina maana ukikuta kengele imechimbika ndani kiasi cha kushika kucha, gia yake ndogo imekuwa na meno makali kama ya papa, na viatu vimekwisha, vyote kwa pamoja. Hapo ni nafuu kununua mara moja kuliko kuokoteza. Gia ndogo ikiwa mbovu itazame pia ile kubwa, kwani kengele inayoyumba huila. Unaporudisha injini, weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya gia mbili, zisukume zibanane, kaza skrubu, kisha itoe karatasi. Itoke na mikunjo bila kuchanika.

Na springi ngumu? Zinafanya kazi, lakini si kazi unayoitaka. Springi ngumu inachelewesha kushika, ili injini ifike kwenye nguvu zake kwanza. Mshindani kwenye uwanja mgumu anaweza kuitaka. Kwako wewe, mchangani, ambako lori linavutwa chini kama mtu anayetembea ufukweni na mzigo kichwani, viatu vitateleza muda mrefu zaidi kabla ya kushika, na joto litaongezeka. Kutambaa kutapungua, utafurahi siku mbili, huku beringi ikiendelea kufa chini yake. Rudisha springi za kipimo kilekile kilichokuja na lori.

Kuhusu mahali pa kuchezea, sitakuambia usiende Silversands, najua raha yake. Ila mchanga mkavu ndio mzito kuliko yote kwa klachi, na ule mgumu ulioachwa na maji kupwa una chumvi inayokula beringi usiku kucha ukiwa umelala. Kiwanja cha murram kinaishughulisha klachi kidogo zaidi. Mkienda pwani, mkirudi puliza mchanga kwa pampu ya baiskeli, futa kwa brashi kavu, na usimwagie lori maji. Kila baada ya safari tatu au nne toa kengele, futa, weka tone moja dogo la oili nyepesi ndani ya beringi, futa ziada yote.

Kuna mambo ambayo ningependa usiyafanye nyumbani. Ukihitaji kufungua nati ya flaiwili na imegoma, usiipige nyundo, na usichomeke bisibisi kwenye tundu la moshi ili kuzuia pistoni. Utaharibu silinda kwa ajili ya nati. Mpelekee yule fundi wa misumeno ya injini niliyemtaja. Anacho kifaa cha kuvutia flaiwili, au mkerezaji wa vyuma anaweza kukutengenezea. Mpelekee pia ukikuta kranki yenyewe inacheza ukiitingisha bila kengele, au mafuta yanavuja nyuma ya flaiwili. Hapo beringi ya mbele ya injini imekwenda, hewa inaingia, mchanganyiko unakosa mafuta, na hakuna klachi itakayotulia. Flaiwili yenye ufa haiwashwi tena hata kwa majaribio.

Jambo la mwisho ni la mwanao kuliko la lori. Mafuta ya nitro sehemu yake kubwa ni methanoli, na humu nchini tumeshazika watu na wengine wamepofuka kwa kuinywa ndani ya pombe haramu. Inapenya pia kwenye ngozi. Vaeni glavu, fanyieni kazi nje, methanoli ibaki kwenye kopo lake lenye maandishi, imefungwa kabisa na ikae juu, kamwe isihamishiwe kwenye chupa ya maji au soda. Ikishika moto mchana, mwali wake hauonekani vizuri. Ukihisi joto bila kuona kitu, ondoka na umwage maji mengi. Kuifunga vizuri kunasaidia injini pia, kwa kuwa methanoli inavuta unyevu wa hewa yetu, na mafuta yenye maji yanafanya aidilingi ipande na kushuka bila sababu ya kueleweka. Na petroli usijaribu kuiweka. Plagi ya injini hii inabaki na moto kwa sababu methanoli ikigusa waya wake inatoa joto, na petroli haifanyi hivyo.

Ukishafunga beringi mpya, washa lori mahali pasipo watoto wadogo, liendeshe polepole dakika mbili, zima, usogeze mkono karibu na kengele bila kuigusa. Joto la kawaida liwepo, ila harufu ya kuungua isirudi. Kisha washa tena, liweke sakafuni, achia triga, simama pembeni. Likikaa dakika nzima likinguruma bila kusogea hata upana wa kidole, mpe mwanao rimoti.